Mpaka Usiovunjwa: Nini Huufanya Mfumo Endeshi Uaminike

Kabla Windows 95 haijaingia sokoni Agosti 1995, majaribio ya ndani ya Microsoft yalionyesha kwamba SimCity, mchezo wa kujenga miji uliopendwa sana wakati huo, haufanyi kazi kwenye mfumo mpya. Kosa halikuwa la Microsoft. Aliyeuandika mchezo huo kwa ajili ya Windows alikuwa ameacha dosari: programu iliomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikairudisha, kisha ikaendelea kuisoma, kama mpangaji aliyerudisha ufunguo lakini bado anarudi kulala chumbani. Katika matoleo ya Windows 3 hilo halikuleta madhara, maana chumba kilibaki kama kilivyoachwa. Katika Windows 95 kiliingia mpangaji mwingine. Joel Spolsky, aliyewahi kufanya kazi Microsoft kwenye Excel, ndiye aliyekisimulia kisa hiki, na mwisho wake ndio unaostahili kuangaliwa: wahandisi hawakuishia kunyoosha kidole. Walitia ndani ya Windows msimbo unaochunguza kama programu inayowashwa ni SimCity. Ikiwa ndiyo, mfumo unachelewa kuigawa upya kumbukumbu iliyorudishwa.

Mnunuzi aliyelipia Windows mpya na kukuta mchezo wake umekufa asingejua habari za kumbukumbu. Angejua jambo moja tu: jana ulicheza, leo hauchezi, na kilichobadilika ni Windows. Kampuni inayotaka watu wahamie toleo jipya haina budi kuubeba mzigo wa makosa ya wengine.

Programu haigusi diski, skrini wala mtandao yenyewe. Kila inapotaka kufungua faili, kuchora dirisha au kutuma ujumbe, inauomba mfumo endeshi, nao unatekeleza. Maombi hayo yana majina, mpangilio na majibu yanayotarajiwa, na jumla yake ndiyo mpaka kati ya programu na mfumo. Mpaka huo una ngazi mbili. Ya kwanza ni ya msimbo chanzi, maandishi anayoyaandika mtengenezaji: yakikubalika kwenye mfumo mpya, programu inaweza kuundwa upya. Ya pili ni ngumu zaidi. Hapo programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine miaka 15 iliyopita, ambayo pengine kampuni yake imefungwa na msimbo wake umepotea, inatakiwa iwake leo bila kuguswa. POSIX, kiwango kilichotoka mwaka 1988 ili mifumo ya jamii ya Unix isitofautiane mno, kilishughulikia ngazi ya kwanza. Mtumiaji wa kawaida anaishi kwenye ya pili, kwa sababu yeye ana programu, hana msimbo.

Ahadi ya ngazi hii ya pili ilikomaa mikononi mwa IBM. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mteja aliyetoka kompyuta ndogo ya IBM kwenda kubwa mara nyingi alilazimika kuandika upya programu zake, kwa kuwa kila familia ya mashine ilikuwa na amri zake. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni hiyo ikatangaza System/360, familia moja ya mashine za ukubwa tofauti zinazotumia amri zilezile. Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks walitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: usanifu, yaani kile ambacho programu inaruhusiwa kukitegemea, na namna kila mashine inavyokitekeleza kwa ndani. La kwanza likaandikwa na kulindwa. La pili likaachwa libadilike kadiri teknolojia inavyokwenda.

Hata hivyo, waandishi wa programu hawakubaki ndani ya kilichoandikwa. Anwani za kumbukumbu za System/360 zilikuwa za biti 24, zikikaa ndani ya neno la biti 32, hivyo biti nane za juu zilikuwa bure, nao wakazijaza alama zao wenyewe. Miaka ya 1980 ilipofika na kumbukumbu kubwa zikahitajika, IBM haikuweza kuzitwaa biti hizo, maana mashine ingezisoma alama za watu kuwa sehemu ya anwani. Ikaongeza anwani za biti 31 kwa namna ambayo programu za zamani ziliendelea kwa kanuni ya biti 24 kando ya zile mpya, ndani ya mashine moja. Mwaka 2000 zikaja anwani za biti 64, bila kuzifukuza zile mbili. Mashine kubwa ambazo IBM inaziuzia benki na kampuni za bima leo bado zinaendesha programu za biti 24.

Kompyuta ndogo zilipitia njia hiyohiyo. IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia prosesa ya 8088 isiyoweza kufikia zaidi ya megabaiti moja. Anwani iliyozidi hapo ilizunguka na kurudi mwanzo. Programu kadhaa zikautegemea mzunguko huo. Ilipokuja PC AT mwaka 1984 ikiwa na prosesa ya 80286 na uwezo wa megabaiti 16, mzunguko ungetoweka na programu zile zingeharibika. IBM ikaweka swichi ya kuizima laini ya anwani iitwayo A20, na swichi yenyewe ikaongozwa na chipu ya kibodi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa na pini isiyo na kazi. Kwa takribani miaka 30 kompyuta za jamii hiyo ziliendelea kuzaliwa na alama ya uamuzi huo.

Jambo hili limepewa jina la Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google. Kanuni yake inasema kwamba kiolesura kikishapata watumiaji wa kutosha, kila tabia yake inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, hata kama haikuahidiwa popote. Ndiyo maana mwongozo uliochapwa vizuri hautoshi. Anayetunza mfumo endeshi analazimika kuchunguza programu zinafanya nini hasa huko nje, zikiwemo zilizoandikwa ovyo. Windows 7 ya mwaka 2009 ilijitambulisha kwa programu kuwa toleo 6.1, kwa sababu programu nyingi zilizokuwa zikikagua namba ya toleo ziliandikwa vibaya, na zingegoma kuwaka zikikutana na 7.

Linux inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, maana ndani yake zimo tabia mbili zinazokinzana. Kiini chake, sehemu inayozungumza na vifaa, kinalindwa kwa sheria kali ya mwanzilishi wake, Linus Torvalds: badiliko lolote linaloharibu programu za watumiaji ni kosa la kiini, hata kama programu ndiyo iliyokosea. Desemba 2012 badiliko la namba moja tu ya kosa liliharibu programu za sauti, na msimamizi wa sehemu hiyo akadokeza kwamba programu ndizo zenye dosari. Torvalds alimkaripia hadharani kwa maneno makali mno. Ukali huo haukuwa na sababu, na mwaka 2018 mwenyewe aliomba radhi kwa jinsi alivyokuwa akiwatendea wenzake kwa miaka mingi. Sheria yenyewe, lakini, ni sahihi, na ndiyo iliyowawezesha wenye seva duniani kote kusasisha kiini bila hofu.

Tabu ni kwamba programu nyingi haziongei na kiini moja kwa moja. Kati yake na kiini kuna maktaba za msimbo, kubwa kuliko zote ikiwa glibc, na juu ya hizo kuna maktaba za madirisha, sauti na picha, kila moja ikiwa na wenyewe na ratiba yake. Mwaka 2010 glibc iliboresha kazi inayoitwa memcpy, ya kunakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine. Kiwango cha lugha ya C kinasema wazi kwamba memcpy isitumike pale sehemu hizo mbili zinapoingiliana. Adobe Flash, programu ya kuonyesha video kwenye vivinjari, iliitumia hivyohivyo, na kwa bahati ilikuwa ikifanya kazi. Baada ya badiliko, watumiaji wa Fedora, mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux, wakaanza kusikia sauti iliyoharibika kwenye video. Watetezi wa glibc walikuwa na kiwango upande wao. Torvalds akawa upande wa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anayetaka kusikia sauti. Hatimaye glibc ikatoa njia ya busara: programu mpya zikapewa memcpy mpya, na zilizokwisha kuundwa zikaendelea kupata tabia ya zamani, zote mbili zikiwa ndani ya maktaba moja zenye lebo tofauti za toleo. Mbinu hiyo ni miongoni mwa bora zilizopo. Lakini inalinda upande mmoja tu: programu iliyoundwa kwenye glibc ya zamani huwaka kwenye mpya, ila iliyoundwa kwenye mpya aghalabu hukataa kwenye ya zamani. Mwaka 2022 glibc ikaacha kuweka ndani ya faili zake jedwali moja la zamani, na michezo kadhaa iliyotegemea programu ya kuzuia udanganyifu ikaacha kufanya kazi.

Kampuni inayotaka kuuza programu kwenye Linux, basi, inajiuliza: Linux ipi? Mradi wa Linux Standard Base, ulioanza kutoa viwango mwaka 2001, ulijaribu kulijibu swali hilo na ukafifia. Flatpak na Snap zimechukua njia nyingine, ya programu kutembea na maktaba zake zenyewe, kwa gharama ya nafasi kwenye diski. Jibu lililoleta matokeo makubwa zaidi upande wa michezo lilitoka kwingine kabisa. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, unaitekeleza upya mipaka ya Windows juu ya Linux. Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, iliujenga mradi wake wa Proton juu ya Wine mwaka 2018, na mwaka 2022 ikatoa Steam Deck, kifaa cha michezo kinachotumia Linux na kuendesha maelfu ya michezo iliyoandikwa kwa ajili ya Windows. Studio nyingi zimeona afadhali kuandika kwa Windows na kuiachia Proton kazi ya kutafsiri. Mpaka wa Windows umekuwa imara hata nje ya Windows, na jamii ya Linux, yenye vipaji tele, ina la kujifunza hapo.

Kuna mpaka mwingine upande wa chini, kati ya mfumo na draiva zinazoongoza vifaa. Hapa Windows na Linux zimeachana njia. Windows huwapa watengenezaji wa vifaa mpaka wanaoweza kuutegemea kwa miaka, nao huleta draiva zao wenyewe. Kiini cha Linux hakitoi ahadi hiyo hata kidogo. Anayetaka draiva yake idumu anashauriwa aukabidhi msimbo wake uingie ndani ya kiini chenyewe, ambako utarekebishwa pamoja na mengine.

Kila njia imekuwa na gharama zake. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama ambayo draiva yake hukaa ndani ya kiini cha Windows, iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa siku moja, na safari za ndege zikasimama katika nchi nyingi. Upande wa Linux, wa kulipa wamekuwa wenye simu. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na kwa miaka mingi watengenezaji wa chipu waliandika draiva za kiini kimoja mahususi kisha wakaenda zao. Simu ikabaki na toleo iliyotoka nalo dukani. Mwaka 2017, katika Android 8, Google ilichora mpaka mpya kati ya mfumo na sehemu ya mtengenezaji wa chipu, ili cha juu kiweze kusasishwa bila kumsubiri wa chini. Mpaka huo ulistahili kuwepo tangu mwanzo. Ulichelewa kwa takribani miaka kumi.

Kwa upande wa programu, Android ilibuni njia nzuri zaidi. Kila programu hutamka imeandikwa kwa kanuni za toleo lipi, na mfumo huitendea kwa kanuni hizo hata kanuni mpya zikija. Lakini subira hiyo ina ukomo: Android 14, iliyotoka mwaka 2023, hukataa kusakinisha programu zilizoandikwa kwa kanuni za kabla ya Android 6. Na wakati mwingine anayeondoka ni programu. Januari 2025 WhatsApp ilianza kuhitaji Android 5 au zaidi, hivyo simu za Android 4 zikabaki na mfumo usio na hitilafu yoyote ila mawasiliano ya ndugu na wateja yamehama.

Apple inaonyesha kwamba mpaka unaweza kuvunjwa kwa makusudi na jukwaa likabaki hai. Mac zimehama prosesa mara tatu: kwenda PowerPC mwaka 1994, Intel mwaka 2006 na chipu za Apple yenyewe mwaka 2020. Kila mara kampuni iliweka mkalimani wa kuziendesha programu za zamani na kutoa muda, na madaraja mawili ya kwanza yamekwisha kuondolewa. Mkalimani wa mwaka 2006 aliondolewa mwaka 2011. Mwaka 2019 programu zote za biti 32 zilikoma kwenye macOS Catalina. Hili linawezekana kwa Apple kwa sababu inamiliki chipu, mfumo na duka, na wateja wake wengi wanaweza kununua upya. Ofisi yenye mashine ya kupimia au ya kuchapia inayotegemea programu ya mwaka 2008 haina anasa hiyo.

Asiye na ushawishi wa Apple akijaribu kuvunja hivyo, huangamia. Ushahidi ni Microsoft yenyewe, kampuni iliyowahi kuihangaikia SimCity. Mwaka 2010 Windows Phone 7 ilizitupa programu zote za Windows Mobile iliyoitangulia. Mwaka 2012 ikaja Windows Phone 8, na simu za 7, zikiwemo Lumia zilizokuwa na miezi michache tu tangu kutoka, zikanyimwa toleo hilo. Programu zilizoandikwa kwa 8 hazikuwaka kwenye 7. Watengenezaji programu walioona mpaka ukivunjwa mara mbili ndani ya miaka miwili walikwenda Android na iPhone. Mapema mwaka 2020 Microsoft ilifunga msaada wa mfumo wake wa mwisho wa simu.

Ni haki pia kuitaja hatari ya kutunza kila kitu. Virusi vya WannaCry, vilivyoanza kusambaa tarehe 12 Mei 2017 na kukwamisha hospitali za Uingereza miongoni mwa waathirika wengi, vilipitia toleo la kwanza la SMB, njia ya kushirikiana faili yenye mizizi katika miaka ya 1980. Njia bora zaidi zilikuwepo zamani, lakini ile ya kale iliachwa wazi kwa ajili ya mashine na programu ambazo bado zingeihitaji. Kiraka kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo. Kompyuta nyingi hazikuwa nacho. Baada ya hapo Microsoft ikaanza kuacha kuisakinisha njia hiyo katika matoleo mapya. Utunzaji mzuri wa mpaka unahitaji basi mtu wa kuhesabu nani bado anapita mlango wa zamani, na kuufunga kwa notisi ndefu pale wanapobaki wachache.

Afrika Mashariki ina mfano wake, na ni mkubwa. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Machi 2007, haikuijenga juu ya mfumo endeshi wa simu yoyote. Menyu ya kutuma pesa iliwekwa ndani ya laini yenyewe, kwa teknolojia ya SIM Toolkit iliyokuwa sehemu ya viwango vya GSM, ambavyo watengenezaji wa simu walikuwa wamekwisha kuvikubali. Mwenye kitochi cha bei ya chini na mwenye simu ya kifahari walipata menyu ileile. Nchini Tanzania, anayebonyeza *150*00# kufungua M-Pesa leo anatumia mpaka mwembamba vilevile: simu hutuma tarakimu na kuonyesha maandishi, kazi yote inafanyika kwenye seva. Mpaka mdogo una machache ya kuvunjika. Hakuna picha nzuri wala rangi, ila simu iliyonunuliwa mwaka 2007, kama betri yake bado inashika chaji na mtandao wake upo, bado inatuma pesa.

Jaribio kubwa la ahadi hizi lina tarehe. Mifumo mingi ya jamii ya Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na palipotumika namba ya biti 32, hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. OpenBSD ililimaliza tatizo mwaka 2014 kwa kuvunja mpaka wazi na kuunda programu zote upya. Kiini cha Linux, katika toleo la 5.6 la mwaka 2020, kilikamilisha maombi mapya ya biti 64 na kuyaacha ya zamani yalipo. Debian, mfumo mwingine uliojengwa juu ya Linux, ilianza kuzihamisha maktaba za mashine zake za ARM za biti 32 mwaka 2024, lakini ikaziacha zile za Intel za biti 32 zilivyo, kwa hoja kwamba kazi kubwa iliyobaki ya mashine hizo ni kuendesha programu za kale ambazo hakuna tena wa kuziunda upya. Uamuzi huo ni wa kiungwana: umesema wazi nani atalindwa na nani ataachwa.

Uwazi wa namna hiyo ndio wa kudai. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Kompyuta za mtumba za kizazi cha nne hadi cha saba, ambazo shule na ofisi ndogo nyingi za kwetu hununua, ziko nje ya mstari huo. Programu zake bado zinawaka. Kilichokoma ni viraka vya kawaida vya usalama. Mkuu wa shule, mhasibu wa SACCOS na mganga wa zahanati wanaotaka kununua mfumo mwaka huu wamuulize muuzaji mambo matatu kabla ya kutia saini: msaada unaisha tarehe gani, nani ataitengeneza programu mfumo ukibadilika, na kumbukumbu za wateja zinasomekaje kama kampuni itafungwa. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.